Jibu: Niuze kiwanja nimpeleke kijana chuo kikuu binafsi?

Dada wa Shela, Malindi, ameeleza vizuri: kijana ana C+ ya kidato cha nne, tawi la chuo kikuu binafsi Mombasa limempa barua ya kozi ya biashara, karo shilingi 78,000 kwa muhula, mihula minane, na yeye yuko tayari kuuza kiwanja. Anauliza kama pesa itarudi. Walionitangulia hapa wamebishana sana kuhusu jina la chuo. Mimi naona jina lisubiri. Tafuta kwanza cheti kitakugharimu kiasi gani hadi kifike mkononi, halafu kitaongeza kiasi gani kwenye mshahara kuliko njia nyingine aliyonayo kijana huyohuyo.

Dada, rudi ofisi ya udahili uombe muundo wa karo wa miaka yote minne, wenye muhuri. Barua ya kuitwa kwa kawaida hutaja masomo tu. Nyuma yake kuna mtihani, maktaba, maabara ya kompyuta, kitambulisho, chama cha wanafunzi, bima, na yale ya mara moja kama usajili, amana, usimamizi wa atachimenti (mafunzo kazini), joho na mahafali. Angalia pia kama wameandika kwamba karo inaweza kubadilika wakati wowote. Wakiwa wameandika, uliza kama nyongeza huwapata waliomo au wanaoingia upya peke yao.

Tupige hesabu kwa makadirio, wewe utabadilisha kwa bei zako. 78,000 mara nane ni 624,000. Vile vidogovidogo tuseme 9,500 kwa muhula, 76,000. Ya mara moja 30,000. Kompyuta ya mkononi 35,000. Halafu chumba, na hapa ndipo wengi hukosea. Bedsita ya 6,000 italipiwa miezi 48, wala si 36, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwekei chumba bure wakati wa likizo. Ukikiachia, muhula ukifunguliwa unaanza kutafuta kingine na depoziti juu. Hiyo ni 288,000. Chakula, nauli na bando 8,000 kwa mwezi, miezi tisa ya mwaka, miaka minne: 288,000 nyingine. Jumla 1,341,000. Ile karo ya kwenye barua haifiki hata nusu yake.

Sasa weka pembeni njia ya pili. Diploma kwenye chuo cha ufundi cha serikali imepangiwa 67,189 kwa mwaka. Miaka mitatu, akilala nyumbani na kula chungu kimoja nanyi, nauli 3,000 kwa mwezi kwa miezi tisa ya mwaka, inafika kama 283,000. Isitoshe anamaliza mwaka mmoja mapema.

Upande wa mshahara, watu hulinganisha tarakimu za kwenye tangazo la kazi. Linganisha kinachoingia mfukoni. Chukua mwenye diploma wa 25,000 na mwenye digrii wa 40,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF (akiba ya uzeeni) inakata asilimia 6, SHA (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha PAYE, yaani kodi ya mshahara. Wa 25,000 anabaki na takriban 22,400, maana nafuu ya kodi ya 2,400 inafuta PAYE yake yote. Wa 40,000 anabaki na takriban 32,700. Zile 15,000 ulizokuwa ukizihesabu zimekuwa 10,300.

Tofauti ya gharama ni 1,058,000. Ongeza mwaka ambao wa diploma yuko kazini na wako bado yuko darasani, 269,000, unapata 1,327,000. Gawa kwa 10,300: pesa inarudi kwa miezi 129, karibu miaka 11. Digrii hiyo ikimfikisha kwenye mshahara wa 60,000, mkononi atapata kama 45,300, na miezi inashuka hadi 58. Akiwa na jamaa wa kukaa naye Mombasa, toa 288,000 za chumba, na hata kwa ule mshahara wa 40,000 inakuwa miezi 101. Kwa hiyo swali la kumbana nalo mkuu wa idara ni hili: waliomaliza kozi hii miaka miwili iliyopita wako kazi gani? Akikujibu kwa picha za mahafali, umeshapata jibu.

Hesabu hiyo yote inachukulia kwamba atamaliza kwa miaka minne. Kwenye matawi madogo hilo si la kutegemea. Darasa likiwa na wanafunzi wachache, yuniti (somo moja la kozi) haifunguliwi muhula huo, inasukumwa hadi mwaka ujao. Vilevile akianguka yuniti inayofundishwa mara moja kwa mwaka na ikawa ndiyo mlango wa nyingine mbili, mwaka mzima umekwenda. Mwaka huo ni chumba 72,000, chakula na nauli 72,000, ada ya kurudia, na mshahara ambao hakuupata, 32,700 mara 12. Unapita laki tano kwa yuniti moja. Basi omba ratiba ya yuniti kwa miaka minne, uliza darasa la mwaka wa tatu lina wanafunzi wangapi leo, na wahadhiri wangapi ni wa kuajiriwa kabisa. Ukiweza nenda Jumanne asubuhi uchungulie madarasa mwenyewe. Siku ya wazi kila chuo kimejaa.

Chanzo kingine cha mwaka wa ziada ni salio. Vyuo vingi havitoi kadi ya mtihani kabla karo haijakamilika. Anayedaiwa 20,000 wiki ya mtihani hukosa yuniti zote sita au saba za muhula. Akiona mambo yamebana mapema, ni heri aandike barua ya kuahirisha muhula kabla ya tarehe ya mwisho kuliko kukaa darasani akiomba Mungu.

Uhalali hauchukui muda kuhakikisha. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina orodha ya vyuo na ya kozi zilizoidhinishwa; tafuta zote mbili, chuo kuwa halali si kozi zake zote kuwa halali. Biashara haina bodi ya kumzuia mlangoni. Uhandisi, uuguzi na sheria zina bodi, na ualimu una TSC, tume inayosajili walimu: wa sekondari hutakiwa kuwa na C+ ya jumla pamoja na C+ kwenye masomo mawili atakayofundisha. Mwenye C+ ya jumla na C tupu ya Kiswahili anaweza kupokelewa, akasoma, akalipa yote, na TSC isimsajili kufundisha Kiswahili.

Kuhusu msaada: mpango wa ufadhili ulioanza 2023 ulielekeza skolashipu za serikali kwa waliopangiwa vyuo vya umma. Wa chuo binafsi aombe mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Riba ni asilimia 4, nafuu hata kuliko sako nyingi, anaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Kama hajajaribu KUCCPS, shirika la serikali linalopangia wanafunzi vyuo, ajaribu kabla hujagusa kiwanja. Pwani University iko Kilifi, kama kilomita 60 kutoka kwako, na ni ya umma. Ajenti wa chuo akikuahidi punguzo, tuseme la asilimia 30, lisome vizuri, mara nyingi ni la muhula wa kwanza tu. Na karo lipa kwa pei bili (namba ya chuo ya malipo ya simu) au akaunti ya chuo, kamwe usitume kwa namba ya mtu.

Kuna la msimu, ambalo wa bara hawalioni. Vyuo vingi binafsi vina mihula mitatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba. Kozi inaisha haraka na gharama ya chumba inapungua, ila ankara ya Mei inakufikia kusi limeingia, mashua zimekaa na hoteli nyingi za Malindi na Watamu zimefungwa. Kama kipato cha nyumbani ni cha utalii au bahari, uliza kama anaruhusiwa kuruka muhula wa Mei bila adhabu na bila kukosa yuniti zake.

Na hicho kiwanja usikiuze Agosti kwa haraka ya Septemba. Mnunuzi akijua unakimbizana na karo, bei ataitaja yeye. Chuo chenyewe huwa kinakubali kuahirisha udahili hadi Januari ukiandika barua. Tumia miezi hiyo kufanya utafutaji wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kupata bei ya mthamini na kusubiri wageni wa kaskazi wafike. Ukiuza, pesa ya mihula miwili iwe karibu, iliyobaki iwekwe mahali ambapo kuitoa kunahitaji sahihi mbili, yako na ya mtu asiyekuwa huyo kijana.