Maswali ya Wasomaji: Hedhi Inayokulaza Kitandani

SWALI: Nina miaka 24. Siku mbili za kwanza za hedhi tumbo hunikata hadi natapika. Maumivu yakizidi nameza ibuprofeni, sioni nafuu. Mama anasema nikizaa yataisha. Nivumilie?

JIBU: Usivumilie, dada. Ila kabla ya kuilaumu dawa, angalia unaimeza saa ngapi. Ukuta wa ndani wa kizazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoibana misuli ya kizazi, na ndizo zinazochangia kutapika na kuhara. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe. Zilizokwisha kutoka haiziondoi. Ukisubiri maumivu yapambe moto, umechelewa.

Anza unapoona tone la kwanza, au siku moja kabla kama tarehe zako hazibadiliki: miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, siku 2 hadi 3, bila kuruka dozi. Usipite miligramu 1,200 kwa siku pasipo agizo la daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, au anayehisi ana mimba, asiitumie. Aspirini nayo haifai hapa, huongeza kutoka damu. Chupa ya maji ya moto juu ya kinena husaidia kweli. Izungushie kitambaa usiungue.

Fuata mpango huo kwa mizunguko 3. Ukiwa bado unalazwa na maumivu, muone daktari. Usingoje hata hiyo mitatu kama maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, yanatangulia damu kwa siku kadhaa, au yanakupata wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa. Huenda ni endometriosi, yaani tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, na ultrasaundi yaweza kuonyesha kila kitu sawa ilhali ugonjwa upo, kwa hiyo majibu mazuri yasikunyamazishe. Kuhusu kuzaa, wapo wanaopata nafuu, lakini hiyo si tiba; endometriosi yenyewe yaweza kuchelewesha mimba.

SWALI: Nitajuaje damu imezidi?

JIBU: Hesabu pedi. Pedi kulowa yote ndani ya saa 1 au 2, kulazimika kuamka usiku kubadilisha, mabonge yanayozidi sentimita 2.5 au hedhi kupita siku 7: lolote kati ya hayo latosha kukupeleka kliniki. Omba wapime wingi wa damu, yaani himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Kwa asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Vidonge vya madini ya chuma vitarudisha damu, lakini chanzo, kwa mfano uvimbe kwenye kizazi, lazima kitafutwe.

Pedi 2 kwa saa kwa saa 2 mfululizo, au kuzimia, ni dharura. Vivyo hivyo maumivu makali ya upande mmoja baada ya hedhi kuchelewa: yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo haingoji kesho.