Chema Hakijiuzi Mbele ya Jopo la Usaili

Wasomaji watatu wameuliza mambo yanayokaribiana kuhusu mtazamo chanya na kujieleza kazini. Majibu yameandikwa na mwandishi wa safu hii, afisa utumishi mstaafu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina umri wa miaka 27 na nina shahada ya uhasibu. Tangu mwaka juzi nimeitwa kwenye usaili mara nne kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mtihani wa mchujo ninafaulu, lakini nikifika kwenye mahojiano ya ana kwa ana ulimi unakuwa mzito na Kiingereza chote kinanikimbia. Rafiki zangu wananiambia niwe na mtazamo chanya, nami kila asubuhi hujiambia mbele ya kioo kwamba mimi ni mshindi, ila sioni mabadiliko. Kwa sasa ninajitolea katika ofisi moja ndogo, ambako majuzi niligundua kwa nini daftari la fedha na taarifa ya benki vilipishana kwa shilingi 418,000. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lako limo ndani ya barua yako mwenyewe. Jambo la maana kuliko yote uliyoandika, yaani kwamba umeshatatua tatizo halisi la hesabu, umelitupia mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa, na sina shaka kwamba mbele ya jopo hulitaji kabisa.

Wengi wetu tumelelewa na methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tukajifunza kwamba anayejisema anajikweza. Sokoni methali hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa mnunuzi analishika embe na kulinusa. Jopo la usaili halina nafasi hiyo: wasaili hawajawahi kukuona ukifanya kazi, wamekwisha kuwasikiliza watu kadhaa tangu asubuhi, na kila mmoja amewaambia kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nilipokuwa nikikaa upande ule wa meza, maneno hayo yalikuwa yakinipita kama upepo.

Sasa fikiri umeulizwa, "Tueleze kuhusu wewe," nawe, badala ya kuanza na shule ya msingi, ukasema: "Mimi ni mhasibu, na kwa sasa ninajitolea katika ofisi ambayo daftari lake la fedha lilionyesha salio dogo kuliko la benki kwa shilingi 418,000. Nilipitia malipo ya miezi miwili, nikakuta hundi moja ya shilingi 250,000 ambayo mlipwaji hakuwa ameipeleka benki, na malipo ya shilingi 168,000 yaliyoandikwa mara mbili." Takwimu hizo mbili nimezibuni ili kukuonyesha umbo la jibu, wewe utaweka zako. Hapo hujajisifu hata kidogo, umeeleza kilichotokea, na msaili anayejua uhasibu atainua kichwa na kukuuliza swali la pili, ambalo ni geni kwake lakini kwako ni la nyumbani.

Kuhusu kioo, nitasema wazi kwamba sikubaliani na rafiki zako. Wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliotarajia kufanikiwa, kwa kupima hali yao ilivyo, walifanya vizuri zaidi. Lakini wale waliozoea kuota ndoto tamu za mafanikio walituma maombi machache zaidi, wakapata nafasi chache zaidi na hata mishahara yao ikawa midogo. Ndoto inaushibisha moyo kabla mtu hajaingia jikoni. Mwanasaikolojia Albert Bandura naye, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba chanzo kikuu cha mtu kujiamini katika jambo fulani ni kuwa ameshalifanya jambo hilo likafanikiwa. Kwa hiyo mwenzako mmoja akae mezani akuulize maswali, wewe ujibu kwa sauti, na simu irekodi. Jirudie ukijisikiliza, ingawa mara ya kwanza utachukia sauti yako, kama tunavyochukia sote. Jibu hilohilo ukilitoa mara kumi, kwa maneno yanayobadilikabadilika ili lisigeuke shairi la kukariri, mdomo utalizoea hata kama moyo unadunda.

Na moyo utadunda tu, usipoteze nguvu kuuzuia. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioambiwa waitafsiri hofu yao kuwa ni msisimko walihutubia vizuri zaidi kuliko walioambiwa watulie. Ukiwa kwenye benchi ukisubiri kuitwa, jiambie kwamba una hamu ya kuanza. Ni kweli kiasi fulani, na mwili wako hautakubishia.

Kiingereza kinakukimbia kwa sababu inayoeleweka. Uhasibu umesomeshwa kwa Kiingereza, lakini ofisini unaufanya na kuuzungumzia kwa Kiswahili, basi kazi zako zote zimehifadhika kichwani kwa lugha moja huku ukiulizwa kwa nyingine. Yatayarishe masimulizi yako matatu au manne kwa lugha zote mbili, kwa sentensi fupi. Usipolisikia swali, omba lirudiwe; msailiwa anayeomba swali lirudiwe huonekana makini, na anayejibu swali ambalo hakuulizwa hupoteza alama.

SWALI: Shikamoo. Ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa mizigo. Mkuu wangu ana umri wa baba yangu. Kwenye mkutano wa wiki iliyopita alisema kontena letu lina siku 4 zilizobaki za kukaa bandarini bila malipo, nami nilijua ni siku 2, lakini nilinyamaza kwa adabu. Tukalipishwa. Nifanyeje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umenyamaza kwa adabu, na mkuu wako ndiye aliyeaibika mbele ya mteja. Adabu ingekuwa kumwepusha na aibu hiyo.

Kiswahili kina zana nyingi za kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima. Ungeweza kusema: "Samahani Mzee, naomba turudi kidogo kwenye siku za kontena. Hesabu yangu inaonyesha siku 2, kwa sababu lilishushwa Jumamosi, si Jumatatu. Hati ninayo hapa." Tazama kwamba samahani imetajwa mara moja tu, mwanzoni, kisha yakafuata tarehe na hati. Wengi hukosea hapo: husema samahani, kisha "labda mimi sielewi vizuri", kisha "lakini ni wazo tu", mpaka siku 2 zinazama ndani ya radhi na hakuna aliyezisikia. Huko ni kujidunisha, na msikilizaji humpima mtu kwa kipimo alichojipimia mwenyewe.

Ikiwa unafahamu kosa kabla ya mkutano, usingoje mkutano. Mfuate mezani kwake, au mwandikie ujumbe mfupi wenye tarehe. Wazee wengi hukubali kusahihishwa faraghani kwa urahisi ambao hutaupata mbele za watu.

SWALI: Mshahara wetu umechelewa miezi miwili mfululizo. Nilipouliza, meneja aliniambia nina mtazamo hasi na kwamba wenye mtazamo chanya huvumilia. Je, ni kweli? – Msomaji, Arusha

JIBU: Si kweli, na nimechoka kuyasikia maneno hayo mazuri yakitumiwa kuwaziba watu midomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe ujira siku ya malipo iliyokubaliwa. Kuuliza malipo yako ni kuuliza habari ya mkataba, na tabia yako haihusiki.

Uulize kwa maandishi, kwa utulivu, ukitaja miezi na kiasi, bila sentensi hata moja inayomhusu meneja binafsi: "Naomba kufahamishwa tarehe ya kulipwa mshahara wa mwezi wa nne na wa tano." Tia saini na tarehe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ukiwa na nakala hiyo, na usikawie, kwa maana madai ya namna hii yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.