Zana ipi ya bure ya kufundishia programu, intaneti ikiwa ya kubahatisha?

Swali: Nafundisha wanafunzi wa miaka 10 hadi 14. Chumba chetu kina kompyuta 12, darasa lina watoto 45, na intaneti hukatika ovyo. Nataka kuwafundisha kuandika programu kwa zana za bure, lakini kila ninayemuuliza ananitajia jina jipya. Nianze na ipi? Na je, lazima mimi mwenyewe niwe mtaalamu?

Jibu: Mwalimu, hiyo intaneti yako ndiyo itakayokuchagulia zana. Kila ukitajiwa jina jipya, uliza kwanza: mtandao ukikatika katikati ya kipindi, watoto wataendelea na kazi au wataanza kupiga soga?

Kwa umri huo ningeanza na Scratch, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto haandiki amri, anaburuta bloku (vipande vya skrini, kila kimoja amri moja) na kuziunganisha, kwa hiyo hakwami kwa sababu ya mabano aliyosahau kuyafunga. Wengi huitumia kwenye kivinjari. Wewe pakua ile ya kusakinisha, mara moja tu, kisha isambaze kwa flashi kwenye kompyuta zote. Haidai akaunti, na unaweza kuibadili iwe ya Kiswahili. Ila toleo la sasa linataka Windows 10 au mpya zaidi. Mashine zako zikiwa kongwe kuna toleo la zamani, 1.4, lakini halifungui faili za toleo jipya, basi usiyachanganye chumba kimoja. Nyongeza za kutafsiri na za kusoma maandishi kwa sauti zinahitaji intaneti. Ya kalamu, inayochora mstari kila mhusika wa kwenye skrini anapotembea, haihitaji.

Na hiyo kalamu ndiyo somo lenyewe. Wape amri hizi: shusha kalamu, rudia mara 4, nenda hatua 100, geuka digrii 90. Mraba huo. Sasa waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote wataweka marudio 3 na digrii 60, maana kwenye hisabati wamefundishwa kwamba kila pembe yake ni 60, na watapata umbo lililobaki wazi, nusu ya pembesita. Usikimbilie kuwasahihisha. Mwambie mmoja aitembee pembetatu hiyo sakafuni. Akifika kwenye kona atahisi mwili wake unageuka zaidi ya alivyodhani. Anachogeuka ni pembe ya nje, 120. Mimi hutumia nusu kipindi hapo na sijawahi kujuta.

Kuhusu kompyuta 12: weka watoto 24 kwenye mashine, wawili wawili, mmoja ashike kipanya na mwenzake aelekeze, wabadilishane kila dakika 10. Wale 21 waliobaki wape CS Unplugged, mazoezi ya bure ya Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, yasiyotumia kompyuta kabisa. Watoto watano husimama na kadi zenye vitone 16, 8, 4, 2 na 1. Anayeonyesha kadi ni 1, anayeificha ni 0. Ukiita 13, wanasimama 01101, yaani 8 + 4 + 1. Waulize namba kubwa kuliko zote wanayoweza kufika, uwaache wabishane mpaka wapate 31. Zoezi hili lifanye kwanza na darasa zima, la sivyo utakuwa unakimbia huku na kule.

Wa miaka 13 na 14 wakiizoea Scratch, wapeleke kwenye Python, lugha ya programu ambayo amri zake huandikwa kwa maneno, kwa kutumia Thonny, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python ndani yake, haitaki intaneti, na inamwonyesha mwanafunzi thamani ya kila kigeu (jina linalohifadhi namba au neno) hatua kwa hatua. Rudia mraba uleule kwa turtle, sehemu ya Python inayochora kwa kalamu kama ile ya Scratch, wataona ni jambo wanalolijua limevaa nguo nyingine. Code.org, tovuti ya masomo ya programu, nayo ni nzuri, ila masomo yake mengi yanategemea mtandao; itumie wewe kujinoa. MakeCode, zana ya kuandikia programu za micro:bit (kompyuta ndogo ya kiganjani), ina kifaa cha kuigiza kwenye skrini, inaweza kusubiri. Na zana yoyote inayojiita ya bure kisha ikaomba namba ya kadi ya benki, iache.

Utaalamu si lazima. Lakini kila zoezi lifanye mwenyewe siku moja kabla, kisha liharibu makusudi: ondoa bloku moja, badili namba, uone kinachotokea. Makosa hayohayo ndiyo watakayokuletea kesho yake.