Bradbury alianza kama shabiki tu

Mkuu umeuliza kama Ray Bradbury, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi, aliandika hadithi tu au na tamthilia, tamthilia anazo kibao. Ila kwanza jamaa alikuwa shabiki, tena shabiki kindakindaki. 1937 kajiunga na klabu ya wapenzi wa hadithi za kisayansi pale Los Angeles, chuo hakwenda, akawa anauza magazeti kona ya barabara, 1939 akaanzisha kajarida kake Futuria Fantasia, matoleo 4 tu kakafa. Mwaka huohuo akakopa nauli kwa shabiki mwenzie Forrest Ackerman, akapanda basi mpaka New York kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki, na kwenye mzigo kabeba michoro ya rafiki yake Hannes Bok anamtafutia soko, yaani mtu hana hela ila anampigia debe mwenzie!

Riwaya yake maarufu Fahrenheit 451 yenyewe rasimu kaichapia chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kwa taipureta ya kukodi, unatumbukiza senti 10 unapata nusu saa, muda ukiisha inagoma. Jukwaani sasa, 1964 akaanzisha kikundi chake Pandemonium Theatre Company, na baadaye hiyohiyo Fahrenheit akaigeuza mwenyewe kuwa tamthilia.