Shangazi, mume wangu hataki niwe na besti yangu wa Lusaka

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Uyole hapa Mbeya, nina duka dogo la nguo, mume wangu ni mwalimu. Mwezi wa sita nilienda Lusaka kufuata vitenge nikamtafuta besti yangu niliyesoma naye bweni Iringa, miaka 14 hatujaonana, tulilia shangazi! Ana saluni, ameachika ila anaishi vizuri, anajiamini. Nilipanga siku nne nikajikuta nimekaa kumi maana kaka yake ana gari akatutembeza, tukaenda hadi Livingstone kuona maporomoko tukarudi, yaani niliishi. Tangu nirudi mume amenuna, anakagua simu, hata kaka yake besti akipiga usiku ni salamu tu, kule bado inakuwa mapema, lakini haelewi. Mama mkwe aliyekuja kukaa na watoto naye ananisema kwa majirani. Nilitaka kurudi tena mwezi wa tisa amekataa. Besti anasema huu ni unyanyasaji nisikubali kufungiwa ndani. Halafu kuna hela ya vikoba nimeiacha kwake tufungue biashara, hiyo mume hajui bado. Kosa langu ni nini, kuwa na rafiki? Mama watatu, Uyole."

Marahaba mwanangu, pole. Kukutana na mtu mliyegawana naye kipande cha sabuni na uji mwepesi wa bweni ni raha, na miaka 14 sio mchezo, hata mimi ningelia. Pole imeishia hapo.

Maana nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikasema huyu mwalimu naye vipi, nikairudia nikaona kumbe nimeuziwa lumbesa. Nyie wa Uyole viazi mnavijua, juu ya gunia vinapangwa vikubwa vinang'aa, vilivyotoboka vinasukumiwa katikati. Juu umeniwekea besti na machozi na shule. Katikati umemsukumia kaka.

Hebu angalia mwenyewe. Barua ni ya besti lakini mwenye gari kaka, aliyetembeza kaka, anayepiga simu usiku kaka. Besti kafanya nini humu ndani zaidi ya kulia siku ya kwanza na kukufundisha cha kumjibu mumeo? Na huyo kaka hujasema ana mke au hana. Wanawake wenzangu nawajua, mwanaume ambaye hatuna neno naye tunamtaja na mkewe, na watoto wake, na kitambi chake. Huyu wako hana hata kitambi.

Eti kule bado mapema. Mwanangu, Zambia wako nyuma yetu saa moja tu! Huku ikiwa saa tano usiku kwao saa nne, na saa nne ya usiku mke wa mtu hapigiwi simu ya salamu, mpigaji awe Lusaka awe Mwanjelwa. Angekuwa anapiga kutoka Marekani ningekutetea.

Na Livingstone. Umeandika "tukaenda tukarudi" umepita haraka, sasa Livingstone sio Ziwa Ngozi kwamba asubuhi umepanda jioni uko kwako unamenya viazi. Kutoka Lusaka ni karibu kilomita 480, unashuka kusini mpaka unakaribia kabisa Zimbabwe, kwa gari ni saa sita na zaidi na hapo ni kwenda tu. Kwa hiyo mlilala. Sijasema mlilalaje, sikuwepo, ninachosema ni kwamba siku kumi zote umenisimulia, saluni imo, gari limo, usiku wa Livingstone ndo haumo. Na mumeo ni mwalimu mama, ramani anaijua.

Tuje kwenye vitenge. Nyanda za juu huku nani hajui kitenge kinafuatwa Tunduma? Ukiona Tunduma bei imekaza unavuka Nakonde, hatua chache tu, siku hiyo hiyo umerudi, na tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2019 mambo ya mpaka yanamalizwa sehemu moja. Kutoka Nakonde kwenda Lusaka ni karibu kilomita 1,000 nyingine, mtu anashuka kwenye basi miguu imevimba haingii kwenye kiatu. Mwenye duka dogo la nguo hafuati kitenge umbali huo, nauli peke yake inameza faida. Ulienda kumuona rafiki. Ungesema hivyo tu, mume nimemkumbuka mwenzangu nataka nikamuone, kwani kuna dhambi gani? Ila ulivyoanza na uongo wa vitenge kila kilichofuata nacho kinanuka, hata kile cha kweli, njia ya mwongo fupi.

Sasa mimi niko upande wa mwalimu na sifichi. Mwezi wa sita Uyole baridi inang'ata, watoto wanaamka na makamasi, baba wa watu kaaga mke wa siku nne, siku ya tano ikaja, ya saba, ya tisa. Ulimwambia nini siku hizo? Hujaandika. Halafu umerudi unang'aa, una salamu za usiku, na neno jipya la unyanyasaji ambalo hukuondoka nalo. Angekuchekea mimi ningeogopa, mwanaume anayecheka hapo huwa ameshaamua jambo lake. Kununa maana yake bado anakutaka. Hilo la kukagua simu sio zuri na kama anasoma hapa namwambia, baba acha, muulize mkeo kwa mdomo, simu itakupa presha bure.

Mama mkwe unalalamika anakusema. Amekusema nini, kwamba mkwe wangu aliaga siku nne akakaa kumi? Si ndivyo ilivyokuwa! Bibi kaacha kwake kaja kupikia watoto wako uji, na ulivyorudi hujaniandikia kwamba ulimletea hata kitenge kimoja, wakati safari ilikuwa ya vitenge, na nyie zawadi mkitoa hamuachi kuitaja. Zamani kule Rungwe mkwe wa kike alikuwa anabadili njia akimuona baba mkwe anakuja, sitamani turudi huko, ilikuwa kazi hata kwenda kuteka maji. Lakini kutoka kule mpaka kumfanya mama mkwe yaya asiye na mshahara, halafu akinung'unika aonekane ndo adui, tumezidisha jamani.

Na hii sio yako peke yako. Siku hizi kila mtu yuko kwenye grupu la waliosoma pamoja, wake kwa waume, mtu ana miaka arobaini na kitu anatafuta aliyekaa naye dawati moja, wanatumiana picha za zamani, mwisho wa mwezi nyumba mbili haziongei. Tatizo sio rafiki. Tatizo ni kwamba mtu wa zamani anakukumbuka ukiwa binti, hajui marejesho yako, hajawahi kukuona umejifunga kanga unagombana na jiko la mkaa halishiki, basi ukiwa naye unajiona binti tena unadhani nyumbani kwako ndo kuna kasoro. Unasema uliishi. Nani haishi akiwa mgeni? Unapikiwa, unatembezwa, mtoto halii usiku. Huyo besti yako naye kodi ya saluni analipa, na usiku anarudi kwenye nyumba yake anafunga mlango peke yake, ila hizo siku wewe ulikuwepo ukaona kicheko tu. Mimi sisemi aliyeachika hana ushauri, wengine ndo wenye akili kuliko sisi tuliobaki. Nasema huyu wako ana sababu yake.

Sababu ni ile hela. Umeiandika mwishoni mwishoni kama mtu anayetupa taka usiku, mimi hapo nikavua miwani nikakaa vizuri. Hela ya vikoba ni ya wanawake wenzako, siku ya marejesho ikifika huna watakuja kubeba godoro na mtungi wa gesi, na godoro lile mumeo analilalia bila kujua limewekwa rehani Lusaka. Biashara gani hiyo? Iko mtaa gani, imeandikwa jina la nani, wewe si raia wa kule, mkikosana utashitaki wapi na kwa karatasi ipi? Halafu fikiri taratibu. Anayekwambia usimsikilize mumeo ndo huyo huyo aliyeshika hela ambayo mumeo akijua tu ataidai. Hilo hukuliona? Na akitaka usahau kuidai, dawa nzuri ni kaka mwenye gari.

Kwa hiyo mwezi wa tisa huendi. Aje yeye. Barabara uliyopita wewe na yeye ataipita, aje na hela yako mkononi, alale hapo Uyole, mumeo amuone, mama mkwe amuone, ale ugali na maharage yenu, kama ni rafiki wa kweli atapenda kukuona unapoishi na watoto wako. Kaka abaki na gari lake. Akikwambia saluni imembana hawezi kutoka sawa, hela itumwe, na isipotumwa utakuwa umeshamjua.

Lakini kabla ya kumpigia, leo watoto wakilala mwambie mumeo habari ya hela. Anza na hiyo, usichanganye na Livingstone, hela inauma ila inarekebishika, mtauza viazi mtalipa. Kesho yake ndo Livingstone, na kama hakuna kitu basi una picha, muonyeshe zote, sio zile ulizokata upande mmoja. Kama kuna kitu hilo unalijua wewe, na mimi hukuniuliza.

Namba ya kaka ifute yeye akiwa anaona. Bibi mnunulie kitenge, hata cha hapo Mwanjelwa.