Maswali ya Wasomaji: Mchana Nanadi Mikeka, Jioni Naikemea

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa na kampuni ya matangazo hapa Dar es Salaam nikiwa msanifu wa michoro, na mteja wetu mkubwa anaendesha michezo ya kubashiri. Hivi karibuni kina mama wa mtaani kwetu waliniomba niwachoree, bila malipo, bango la kuwaonya vijana wanaopoteza ada na mitaji kwenye mikeka. Nimelichora, lakini sikuthubutu kuweka jina langu. Je, mimi ni mnafiki?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu yangu, simwiti mnafiki mtu aliyeona kosa akaanza kulihangaikia.

Januari 1964, mjini London, msanifu wa michoro Ken Garland alichapisha tamko lililotiwa saini na watu 22, wasanifu wa michoro, wapiga picha na wanafunzi, waliolalamika kwamba vipaji vyao vinamalizwa kunadi chakula cha paka, sigara na dawa za kuotesha nywele. Wanaolitaja tamko hilo mara nyingi husahau kwamba halikudai matangazo ya biashara yafutwe. Lilikiri kuwa hilo haliwezekani, likaomba vipaumbele vigeuzwe, ili ustadi uende zaidi kwenye alama za barabarani, vitabu na vifaa vya kufundishia. Garland mwenyewe alilichorea mabango vuguvugu la kupinga silaha za nyuklia, na kwa miaka mingi mmoja wa wateja wake wakubwa alikuwa kampuni ya vitu vya watoto vya kuchezea. Alilipwa, na kazi iliyomlipa haikupingana na mabango yake.

Kwa hiyo shida yako, kwa maoni yangu, haiko kwenye mshahara. Iko kwenye kulipwa kwa kazi ambayo jioni unalazimika kuitengua, tena kwa ustadi uleule, kwa kuwa rangi inayomvuta kijana aweke mkeka ndiyo unayoitumia kumzuia. Mwombe msimamizi wako akuhamishie kwa mteja mwingine, hata wa sabuni au wa unga. Akikataa, usiache kazi kwa hasira. Kusanya michoro yako bora, na bango hilo likiwemo, uanze kuwaonyesha wachapishaji wa vitabu vya shule na wenye viwanda vidogo.

Kuhusu jina, bango libebe jina la kina mama, kwani kilio ni chao. Ila waambie wewe mwenyewe unakofanya kazi, kabla hawajasikia kwa mwingine, na siri za mteja ziache ofisini.