Umesamehe, lakini mmepatana?

Juzi dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Nimemsamehe mdogo wangu, hata kanisani nimetoa ushuhuda. Mbona nikimwona stendi bado nageuza njia?"

Dada yangu, umesamehe. Hamjapatana. Msamaha unaweza kuutoa peke yako chumbani, hata mkosaji asijue. Kupatana kunawataka nyote wawili, na kabla yake kosa litajwe kwa jina lake. Imani yako haina upungufu wowote.

Mimi na kaka yangu tuligombania kiwanja cha marehemu baba, kule Igombe. Aliuza kipande cha upande wa ziwa bila kunishirikisha. Nilijua siku mnunuzi alipokuja kuchimba msingi. Wazee wakatuita. Baba mdogo akasema, "Ninyi ni damu moja, yaishe." Tukashikana mikono, tukala ugali kwa sato, kila mtu akaenda zake. Fedha sikuiona. Kila niliyemlalamikia alinijibu, "Si mlishayamaliza?" Jibu hilo linaniuma mpaka leo kuliko kiwanja chenyewe. Siku ile wazee walisitiri aibu ya ukoo, haki yangu wakaiacha palepale.

Nikaenda baraza la kata. Tangu mwaka 2021 mabaraza haya hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu. Wakishindwa ndani ya siku 30, mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Wajumbe walimsikiliza kila mmoja, tukaandikiana kwamba atanilipa fungu langu kidogo kidogo. Hiyo ndiyo suluhu: ugomvi umepata mwisho na deni linajulikana. Lakini kaka alituma fedha kwa simu bila salamu, nami nikazipokea bila asante.

Hata kwa wakubwa ni hivyo. Zanzibar, vyama vya siasa vya CCM na CUF vilitia saini muafaka mwaka 1999, vikatia mwingine mwaka 2001, na uhasama ukabaki. Mwaka 2009 Amani Karume wa CCM, Rais wa Zanzibar wakati huo, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakutana ana kwa ana. Hayo ndiyo watu waliyaita maridhiano, na mwaka 2010 wananchi wakayapitisha kwa kura ya maoni, ikaundwa serikali ya umoja wa kitaifa. Nayo yaliyumba baada ya uchaguzi wa 2015, maana maridhiano yanataka kutunzwa.

Ya kwetu yalikuja asubuhi moja soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikiwa napima dagaa. Kaka alisimama mbele ya wanawake ninaofanya nao biashara akasema, "Mdogo wangu, niliuza kilicho chako, nikijua ni chako." Hakuongeza "lakini." Hakuna mzee wala mchungaji aliyemsukuma, na deni alikuwa hajalimaliza. Nililia pale pale kwenye mzani. Mwaka huu, kwenye sendoff ya binti yangu, mjomba aliyesimama kumkabidhi ni yeye, na ninajivunia kwamba sikukubali kuyamaliza kwa ugali.

Kwa hiyo wewe unayesoma, usikubali "yaishe" kabla kosa halijatajwa. Kama kuna mali, andikianeni. Usimharakishe mtu aliyeumizwa eti kwa sababu sikukuu imekaribia na ukoo unataka kukaa meza moja. Wazee wetu, nawaheshimu, lakini hapa mnatuumiza sana.

Na wanaopigwa na waume zao wanisikie: msamaha unaweza kuutoa ukiwa mbali naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, lakini kupita huko si kulazimishwa kurudiana. Yaseme yote uliyotendewa. Wakishindwa kuwapatanisha, waombe hati inayosema wameshindwa, uende nayo mahakamani.